Milimita Tatu za Nje

Pipa lililomuua Amon lilikuwa limelazwa nyuma ya kituo cha polisi, juu ya matofali mawili, mdomo wake umechanika kama kopo lililofunguliwa kwa kisu butu. Inspekta Advera alipiga goti kando yake, akatoa venia, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili, akaubana ukuta wa pipa tumboni.

"Andika," alisema. "Tumboni, milimita tatu."

"Tatu?" Koplo Ngollo aliinua uso kutoka kwenye daftari.

"Tatu kamili. Sasa mdomoni." Taya zikabana tena. Advera alisoma, akafuta kioo cha kipimo kwa kidole gumba, akasoma mara ya pili. "Moja."

Kwa siku kumi na tisa Bukene nzima ilikuwa na hadithi moja tu. Amon, mfugaji nyuki, kijana aliyeoa juzi, aliagiza Tabora pipa la mvuke la kuyeyushia nta ya kikundi chao. Mzee Nassibu, fundi wa kuchomelea, akapokea hela ya shiti nene akanunua shiti nyembamba. Pipa likawashwa, mvuke ukajaa, kifuniko kikang'oka na boliti zake nane, kikampata Amon kifuani. Hadithi tamu, haina mfupa. Wanakikundi wote waliisimulia kwa maneno yaleyale, na Nassibu akawekwa mahabusu.

"Kwa hiyo hakuiba shiti," Ngollo alisema.

"Anayeiba shiti huiba pipa zima. Haibi mdomo peke yake." Advera alipitisha ukucha juu ya chuma. Palikuwa na mikwaruzo ya duara, mingi, imepandana. "Hii ni grenda. Shiti ilikuwa nene kama ilivyoagizwa, kisha mtu akaisaga mdomoni mpaka ikabaki theluthi."

"Asage kwa nini?"

"Mlango ukiusaga, ni kwa sababu haufungi."

Wakapima upana. Kifuniko kilikuwa cha zamani, Amon alikinunua kwa wauza vyuma chakavu, chenye ukosi wa kuuvaa mdomo wa pipa kwa nje. Ukosi ule ulipokea kipenyo cha milimita mia sita na mbili. Pipa lenyewe, tumboni, lilikuwa mia sita na sita. Pipa la mia sita na sita haliingii kwenye ukosi wa mia sita na mbili, hata ulisomee dua.

Ngollo alifungua jalada. Mchoro uliochapwa kutoka kwenye kompyuta ya mchoraji ulisema wazi: kipenyo cha nje, mia sita. "Mchoro uko sahihi, afande. Fundi kakosea, kalifanya kubwa, kaona haliingii, kasaga. Uzembe uleule."

"Fundi anasema alifuata karatasi."

"Na karatasi yenyewe anasema imepotea."

Advera alijifuta vumbi magotini. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilitakiwa mezani kwa mwendesha mashtaka. Likienda lilivyo, Nassibu angesimama kizimbani peke yake kwa kuua bila kukusudia, mzee wa miaka sitini na nane mwenye kifua kibovu.

"Milimita sita," alisema. "Mbona si tano? Mbona si saba? Mkono wa mzembe hautoi hesabu safi hivyo."

*

Ofisi ya mchoraji ilikuwa chumba kimoja karibu na soko kuu, ukutani bango: MICHORO YA NYUMBA NA MASHINE. Mchoraji alikuwa Recheli, mjane wa Amon. Alivaa nguo nyeusi na kilemba cheusi, na alikuwa amerudi kazini wiki ileile.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole tena, mwanangu."

"Sijapoa, lakini ahsante." Alisogeza kiti. "Mnataka nakala nyingine? Niliwapa."

"Nataka unionyeshe ulivyolichora. Nifundishe kama asiyejua kitu, maana ndivyo nilivyo."

Recheli aliwasha kompyuta yake ya mapajani. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, lakini vidole vilijua njia.

"Jiwe ukilichora, unalichora umbo lililofungwa, mstari ukutane na mwanzo wake, kisha unalijaza. Pipa si jiwe. Pipa ni ngozi tu. Kwa hiyo sifungi umbo. Nachora mstari mmoja, umesimama, wazi juu na chini." Mstari ukatokea kwenye kioo, mwembamba kama unywele. "Naupa umbali kutoka katikati, milimita mia tatu. Naiambia programu: uzungushe. Linakuwa duara la mia sita."

"Mstari huo una unene gani?"

"Hauna. Mstari hauna unene, afande. Unene unaandika wewe. Hapa." Akaandika tatu. Unywele ukawa ukuta.

Advera aliinama karibu. "Na hizo tatu, zimekaa upande gani wa mstari?"

Mkono wa Recheli ulisimama juu ya kipanya.

"Kuna mshale," alisema. "Unachagua. Ndani, nje, au nusu huku nusu huku."

"Wewe ulichagua nini?"

"Ndani. Mia sita ni kipimo cha nje, ili kifuniko kivae. Ukuta lazima uende ndani. Umeona mwenyewe kwenye mchoro."

"Nimeona. Sasa ugeuze mshale, nione."

"Kwa nini?"

"Kwa kujifunza."

Recheli alibofya mara moja tu. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika ambacho jicho la Advera lingekikamata. Pipa lilibaki pipa, la kijivu, la kupendeza, likizunguka polepole kama mtu anayejionyesha nguo mpya. Ila tarakimu pembeni zilihama. Kipenyo cha ndani, mia sita. Kipenyo cha nje, mia sita na sita.

Ngollo, aliyekuwa mlangoni, alikohoa.

"Tatu huku, tatu huku," Advera alisema polepole. "Sita. Programu ikiachwa ilivyo, bila wewe kuchagua, mshale huelekea wapi?"

"Nje."

"Hilo faili lako, lilihifadhiwa mara ya mwisho lini?"

"Sikumbuki."

"Kompyuta inakumbuka. Tuonyeshe."

Ilichukua muda. Alifungua folda isiyo yenyewe, akafunga, akafungua nyingine. Tarehe ikajitokeza: kumi na tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Amon alikufa tarehe kumi na mbili.

"Siku ya msiba," Advera alisema. "Saa nne asubuhi. Uani kumejaa watu, maturubai yamefungwa, wewe uko chumbani na kompyuta."

"Nililifungua tu. Nilitaka kuona kazi ya mwisho niliyomfanyia."

"Kufungua si kuhifadhi, Recheli. Hilo hata mimi nalijua."

Yule binti aliangalia kioo cha kompyuta. Hakulia. Alizima mashine bila kufuata utaratibu, kwa kubana kitufe mpaka ikafa.

"Mume wangu yuko chini ya udongo, afande," alisema. "Mnaye mtu wenu. Mnanitaka nini?"

Nje, Ngollo alisimama kando ya bajaji iliyokuwa ikipiga honi bure. "Kabadilisha."

"Tarehe inasema aligusa. Haisemi aligusa nini. Wakili ataipuliza kama majivu. Bila karatasi iliyotoka siku ile, hatuna kitu."

*

Karakana ya Mzee Nassibu ilikuwa mtaa wa Ng'ambo, yenye mlango wa mbao mzito uliokuwa na miaka mingi kuliko reli. Watu wa ukoo ule walifua majembe enzi za misafara, majembe yaliyobebwa begani mpaka pwani pamoja na nta na pembe; chuma kilipobadilika nao wakabadilika, kutoka nyundo hadi umeme, lakini mlango haukubadilika. Tunu, binti wa fundi, ndiye aliyefungua. Alikuwa na miaka thelathini na ushee, mikono yake ina madoa ya cheche kama ya baba yake.

"Shikamoo, mama. Mmemuachia?"

"Marahaba. Bado. Nimekuja kutafuta ile karatasi."

"Askari wenu walipindua kila kitu. Hata debe la unga walimwaga. Kwani baba anapikia karatasi?" Alicheka kwa pua, kisha kicheko kikamwisha. "Karatasi hapa hazikai, mama. Cheche zinazila. Ndiyo maana baba huzigandisha."

Advera aligeuka. "Huzigandisha wapi?"

"Kwenye vigezo."

Alinyoosha kidole. Ukuta wa nyuma ulikuwa umejaa mabati yaliyokatwa, ya duara, ya pembe, ya nusu mwezi, kila moja limening'inia kwenye msumari kama nguo za watu wasiorudi. Tunu alieleza kama anayeshangaa kuulizwa. Kazi yoyote ikija, baba alikata kwanza kigezo cha bati, kipimo kwa kipimo, ndipo akakate shiti ya gharama. Karatasi ya mteja akaipaka uji wa ngano, akaigandisha mgongoni mwa kigezo. Mteja akirudi hata baada ya miaka kumi, kazi yake ipo.

"Hakitupwi hata kimoja. Babu hakutupa, baba hatupi. Askari wenu waliviona, wakasema ni takataka."

"Cha Bukene kiko wapi?"

Tunu alipitisha kidole chake juu ya jina moja hadi jingine, yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Hakikuwepo. Akatazama tena. Kisha akakiona, kwenye msumari wa mwisho kabisa, nyuma ya kingine, kimegeuziwa ukuta.

Lilikuwa duara la kitako cha pipa. Kitako hukaa ndani ya ukuta. Kwa mchoro wa kompyuta kingekuwa mia tano tisini na nne. Advera aliweka rula ya chuma juu yake mara tatu, kila mara akilizungusha bati.

"Mia sita," alisema.

Akaligeuza. Karatasi ilikuwepo, imekauka na kushikana na bati kama ngozi na ngoma, jina la ofisi ya Recheli juu kabisa, tarehe ya wiki moja kabla ya kifo. Kipenyo cha ndani, mia sita. Kipenyo cha nje, mia sita na sita.

Tunu alijishika shavu. "Alisema. Baba alisema alifuata karatasi. Kwa hiyo anatoka?"

Advera alilisogeza bati kwenye mwanga. Chini ya karatasi, pembeni mwa tarakimu, palikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya risasi, ulioandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu.

"Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wa baba. Yeye hakusoma shule, alisoma chuoni kwa maalimu. Kazi zote anaziandika hivyo. Kiswahili, ila kwa herufi za msahafu."

"Unazisoma?"

"Nimesoma chuo hichohicho."

"Nisomee."

Tunu aliinama. Midomo yake ilitembea bila sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, ikafika mwisho, ikarudi mwanzo. Mtaani mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli.

"Hesabu za shiti tu," alisema. "Urefu na bei."

"Sioni tarakimu."

"Kaziandika kwa maneno."

Advera alimtazama, kisha akatoa mfuko wa vielelezo.

*

Mzee Nassibu aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda walimvua. Alikohoa mpaka akamaliza, akakaa. Alipoliona bati mezani hakushtuka. Alilitazama kama mtu anayetazama jamaa aliyefika na habari za kijijini.

"Nani kakupa?"

"Tunu."

"Alidhani ananisaidia."

"Amekusaidia. Karatasi inaonyesha hukukosea wewe. Binti alitoa unene nje badala ya ndani. Kwa nini uliniambia imepotea?"

"Nyie Wahaya mnajisifu kusoma. Huo mstari wa chini umekushinda?"

"Umenishinda. Tunu amenisomea. Anasema ni bei ya shiti."

Mzee alifumba macho, akayafumbua. "Mwongo mbaya, binti yangu. Sikumfundisha hiyo kazi." Akalivuta bati karibu, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma kwa sauti ya kawaida, bila kupunguza wala kuongeza:

"*Karatasi ina kosa. Mdomo haukubali kifuniko. Saga milimita mbili, muda hakuna.*"

Kalamu ya Ngollo ilisimama.

"Ulijua," Advera alisema.

"Nilijua nikiwa na kifuniko mkononi. Miaka hamsini nimeshika chuma, afande. Ukuta wa milimita moja kwenye matundu ya boliti haushiki mvuke. Nilijua haushiki moto mkubwa. Nikasema, watawasha moto mdogo. Nta haitaki moto mkubwa."

"Ulimwambia Amon awashe moto mdogo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nassibu alitafuta pa kuweka mikono. "Yule kijana alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Tiketi ya treni mfukoni, pipa lilitakiwa lipande siku ileile. Na alikuwa anamsifu mkewe. Anawaambia wapita njia: karatasi hii kaichora mke wangu, kwa kompyuta, mnaona mistari hiyo? Kaoa juzi, anacheka na kila mtu. Sasa mimi niinuke niseme, karatasi ya mkeo mbovu? Mbele ya watu? Nikamwambia, baba, nenda kanywe chai, nakaza boliti. Akaenda. Nikawasha grenda."

"Ulimsitiri mkewe."

"Nilimsitiri. Aibu ya mwanamke mbele ya mumewe, huifuniki ukiwa unaweza? Tungeongea naye yeye mwenyewe baadaye, kimya kimya, arekebishe karatasi yake. Ningemwambia Amon nini kuhusu moto bila kumwambia na sababu?" Alikohoa. "Niliifunika, ikaondoka na treni."

Advera alikusanya makaratasi, akayapanga kingo kwa kingo, ingawa yalikuwa yamepangwa.

"Afande," mzee alisema. "Yule binti hajui. Kaa na maneno yangu, andika nimekiri, nilisaga, basi. Bati hilo lipotee. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Yeye ana ishirini na nne. Akijua kwamba ni mkono wake, utakuwa umemzika na yeye."

"Anajua."

"Hawezi kujua."

"Aliufungua mchoro siku ya msiba, akageuza mshale, akahifadhi. Saa nne asubuhi. Alijua kabla ya mimi na Ngollo."

Mzee Nassibu aliondoa kidole kwenye bati. Kwa siku kumi na tisa alikuwa amelala sakafuni, anatema makohozi kwenye kitambaa, akitunza siri ya mtu. Na mtu mwenyewe alikwishaichukua siri hiyo, akaitumia kumfungia mlango. Mabega yalimshuka. Alionekana mdogo kuliko kiti.

"Basi nilikuwa namfunika nani?" aliuliza.

Ngollo akasogeza maelezo mezani.

"Sahihi hapa, mzee," Advera alisema. "Na hapa."

Alitia sahihi kutoka kulia kwenda kushoto.

Mlangoni Ngollo alisema kwa sauti ya chini, "Tuliingia na mtuhumiwa mmoja."

"Chukua gari. Nenda kamlete Recheli. Usimfunge pingu. Mwambie achukue kompyuta na kanga ya kujifunika, asubuhi kuna baridi. Kesi ya kupotosha ushahidi, hiyo kwanza. Mengine atasema mwendesha mashtaka."

"Kamzika mume siku kumi na nane zilizopita, afande."

"Najua kuhesabu, Ngollo."

Kaunta ilikuwa tupu isipokuwa Tunu, amesimama na hotipoti iliyofungwa kwa kitambaa, chakula cha jioni cha baba yake, kama alivyoleta kila siku tangu siku ya kwanza. Alimwona Advera akitoka na bati ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba.

"Amesoma?" aliuliza.

"Amesoma."

"Kama nilivyosoma mimi?"

"Hapana."

Tunu aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama aliyekuwa akijibiwa swali refu. Alifungua kitambaa, akainua kifuniko cha hotipoti. Ulikuwa wali na maharage. Askari wa zamu, ambaye hakujua lolote, akasogeza kijiko juu ya kaunta. Maana sheria ya mahabusu ni kwamba aliyeleta chakula huonja kwanza mbele ya askari, ithibitike hakumletea ndugu yake sumu.

"Haya dada, onja kama kawaida," alisema.

Tunu alichota. Alitia mdomoni, akasimama hivyo, shavu limevimba upande mmoja, macho kwenye ule mfuko wenye namba, kwenye bati alilolitoa yeye mwenyewe.

"Meza basi," askari alisema. "Nikuone umemeza."